Wilaya mpya ikija, nini huja nayo? Somo kutoka miji miwili jirani ya Polandi

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi na mada ikawa utawala, kuna hoja ambayo haikosi kurudi: "Wilaya yetu ni kubwa mno, igawanywe." Anayeisema huwa na sababu. Amelala njiani akifuata sahihi moja. Amefika akaambiwa ofisa ametoka. Amerudi nyumbani mikono mitupu na nauli imekwisha. Mara nyingi simu inayofuata humpinga: wilaya mpya ni magari mapya ya wakubwa, mkulima anabaki vilevile.

Nani ana haki kati ya hawa wawili? Tumeona tusijibu kwa kuvutia upande. Tumechukua mfano wa mbali, ambako hakuna mjomba wala shemeji wa kumtetea, tuutazame kwa utulivu. Mfano wenyewe ni miji miwili midogo ya kusini mashariki mwa Polandi, Lesko na Ustrzyki Dolne, iliyoko karibu na mpaka wa Ukraine, katika milima inayoitwa Bieszczady. Kutoka mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 25 tu. Lesko una wakazi wapatao 5,500, na Ustrzyki Dolne hawafiki 10,000.

Kwa miaka 100 iliyopita miji hii imewekwa wilaya moja, ikatenganishwa na mpaka wa nchi, ikarudishwa pamoja, ikafutiwa wilaya kabisa, ikapewa wilaya moja ya pamoja, kisha ikagawanywa tena. Ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kujifunza ofisi ya wilaya inamfaa nini mwananchi wa kijijini.

Ngazi tatu, na nani anafanya nini

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi za utawala, maana bila hilo mengine yatatuchanganya.

Polandi ina ngazi tatu chini ya serikali kuu. Ya juu ni mkoa. Iko 16. Miji yetu miwili iko katika mkoa wa Podkarpackie, ambao makao yake ni Rzeszów. Ya kati ni wilaya, ambayo kwa Kipolandi huitwa powiat. Wilaya ziko 314, na juu ya hizo kuna miji mikubwa 66 inayojiendesha kama wilaya. Ya chini inaitwa gmina. Hizi ni karibu 2,500. Tuifikirie gmina kama halmashauri ndogo yenye mji mmoja au kundi la vijiji, yenye madiwani wake na bajeti yake.

Chini ya gmina kuna kijiji, na kijiji kina mwenyekiti anayeitwa sołtys. Huyu huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Tutarudi kwake, kwa sababu ana jambo la kutufundisha.

Sasa kazi zenyewe. Gmina inashughulikia shule za msingi na za chekechea, maji, taka, barabara za vijijini, msaada kwa wasiojiweza na vitambulisho. Wilaya inashughulikia shule za sekondari za juu, hospitali, barabara zinazounganisha gmina, leseni za udereva, namba za magari, vibali vya ujenzi, kumbukumbu za ardhi na ofisi ya kuwasaidia wasio na kazi. Mkoa unapanga maendeleo ya eneo zima na kusimamia sehemu ya fedha za Umoja wa Ulaya.

Kuna tofauti nyingine ambayo msikilizaji wetu anapaswa kuishika. Mkuu wa gmina anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja tangu mwaka 2002. Mkuu wa wilaya, anayeitwa starosta, anachaguliwa na madiwani wa wilaya, nao madiwani wamechaguliwa na wananchi. Ni katika mkoa tu ambako waziri mkuu anateua mtu wake, wojewoda, asimamie sheria za nchi. Pembeni yake kuna uongozi wa mkoa uliotokana na baraza lililochaguliwa. Kwa hiyo mkuu wa wilaya wa kule hatumwi kutoka mji mkuu. Akiharibu, wa kumwondoa wako palepale wilayani.

Zamani Lesko alikuwa mkubwa

Lesko ni mji wa zamani kuliko jirani yake. Ulipata hadhi ya mji katika karne ya 15, chini ya ukoo wa Kmita, ambao ngome yao bado ipo. Ustrzyki Dolne ulipata hadhi hiyo katika karne ya 18. Neno Dolne maana yake ni "ya chini". Kuna Ustrzyki nyingine, Górne, yaani "ya juu", ambayo ni kijiji kilichoko milimani kusini zaidi. Wageni huzichanganya.

Mwaka 1772 majirani wenye nguvu walianza kuigawana Polandi, na eneo hili likaangukia kwa Austria. Lilikaa huko hadi mwaka 1918. Lesko ukafanywa makao ya wilaya, na Ustrzyki Dolne ukawekwa chini yake. Polandi ilipopata tena uhuru, mpango ulibaki vilevile. Mtu wa Ustrzyki mwenye shauri la ardhi au la kodi alikwenda Lesko.

Katika wilaya hiyo ya Lesko, mwaka 1932, kulitokea jambo ambalo sisi watu wa redio hatupaswi kulisahau. Mwezi wa Juni, tajiri mmoja mwenye mashamba, mwenye cheo cha kikabaila, aliandaa siku ya kazi ya hiari ya kutengeneza barabara. Wakulima wa vijiji vya karibu na Ustrzyki hawakuelewa hivyo. Uvumi ulienea kwamba kazi ya lazima kwa mabwana wa ardhi inarudishwa, ile iliyofutwa mwaka 1848 na ambayo babu zao waliisimulia kwa uchungu. Maelfu walikusanyika na kukataa. Serikali ikapeleka polisi na jeshi. Watu waliuawa, wengine wengi wakakamatwa.

Wapo watakaosema wakulima wale walikuwa wajinga kuamini uvumi. Sisi hatusemi hivyo. Walikuwa maskini, mashamba yao madogo, kodi nzito, na mtu wa serikali walimwona alipokuja kudai tu. Mahali ambapo ofisi haizungumzi na watu, uvumi ndio unaotawala. Hilo ni funzo la kwanza la eneo hili. Umbali unaoumiza haupimwi kwa kilomita peke yake. Mtu anaweza kuwa jirani wa ofisi na bado asijue inapanga nini juu yake.

Mto ukawa mpaka, na watu wakahamishwa

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi kutoka magharibi, na Muungano wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Wakagawana nchi. Katika eneo hili mto San ukawa mpaka wao, na miji yetu yote miwili ikawa upande wa Wasovieti.

Hapa kuna kamba inayofika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa Polandi kutoka maeneo hayo ya mashariki, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walioachiwa baadaye walipitia Iran, na maelfu kati yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, wakaletwa katika kambi za Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyokaliwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Masindi na Koja, Uganda. Makaburi yao ya Tengeru yapo hadi leo na yanatunzwa. Ukipita pale na kusoma majina yale magumu kutamka, jua kwamba wengi wao walitoka nchi ambayo mipaka yake ilichorwa upya huku wenyewe wakiwa hawapo.

Mwaka 1941 Wajerumani walisonga mbele na kuichukua miji yote miwili. Katika Lesko na Ustrzyki Dolne Wayahudi walikuwa sehemu kubwa sana ya wakazi. Mwaka 1942 Wajerumani waliwakusanya na kuwaua, wengi wao katika kambi ya mauaji ya Bełżec. Lesko imebaki sinagogi ya mawe, ambayo sasa ni nyumba ya maonyesho ya sanaa, na makaburi yenye mawe ya kale. Jamii yenyewe haikurudi.

Vita vilipokwisha mpaka ulipita katikati ya ndugu hawa wawili. Lesko ukabaki Polandi. Ustrzyki Dolne ukabaki ndani ya Muungano wa Kisovieti. Upande wa Polandi, mwaka 1947, serikali ya kikomunisti iliwang'oa watu wa asili ya Kiukraine, pamoja na jamii za milimani za Walemko na Waboyko, ikawatawanya kaskazini na magharibi mwa nchi. Katika operesheni hiyo nzima watu wapatao 140,000 walihamishwa. Vijiji vingi kusini mwa Lesko vilibaki magofu na miti ya matunda isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1951 nchi hizo mbili zikabadilishana ardhi, kila upande kilomita za mraba 480. Wasovieti walitaka eneo la Sokal, kaskazini zaidi, lenye makaa ya mawe. Polandi ikapewa Ustrzyki Dolne na vijiji vyake. Walichobadilishana ni ardhi. Watu hawakuachwa pale walipokuwa. Zaidi ya watu 30,000 walihamishwa kutoka upande wa Ustrzyki na kupelekwa kusini na mashariki mwa Ukraine, na Wapolandi wa upande wa Sokal wakaletwa kuishi katika nyumba zilizoachwa.

Kwa hiyo Ustrzyki Dolne wa leo umejengwa na watu ambao wazee wao walishushwa hapo na mizigo yao. Mji ukapewa wilaya yake. Mtoto aliyekuwa chini ya Lesko akawa na ofisi yake.

Siku wakulima walipoikalia ofisi

Mwaka 1972 serikali iliunganisha wilaya za eneo hili kuwa wilaya moja iliyoitwa Bieszczady. Miaka mitatu baadaye ikafanya jambo kubwa zaidi. Tarehe 1 Juni 1975 wilaya zote za Polandi zilifutwa, na mikoa ikaongezwa hadi 49. Lesko na Ustrzyki Dolne zikawekwa katika mkoa mdogo wa Krosno.

Wakubwa walisema mikoa midogo italeta serikali karibu na watu. Sikiliza hesabu yake: mikoa iliongezeka, lakini ngazi ya kati ikaondoka, na gmina zikabaki dhaifu, bila kodi zao za maana wala viongozi waliochaguliwa kwa ushindani. Viongozi wote wa mkoa walitegemea chama tawala. Mikoa 49 midogo ni rahisi kuiamrisha kutoka Warszawa kuliko 17 mikubwa. Ofisi zilisogea karibu na watu, na uamuzi ukabaki mbali.

Wakulima wa Bieszczady walilitambua hilo. Mwishoni mwa Desemba 1980 walikalia ofisi ya serikali mjini Ustrzyki Dolne na kugoma kutoka. Muda mfupi baadaye wenzao wakafanya vivyo hivyo Rzeszów. Walitaka nini? Walitaka serikali itambue kuwa shamba la mkulima ni mali yake na la kurithiwa na wanawe. Walitaka mkulima mdogo apate pembejeo sawa na mashamba ya serikali. Walitaka chama chao cha wakulima kiandikishwe. Na walilalamikia ardhi iliyozungushiwa uzio huko Arłamów kwa ajili ya uwindaji wa viongozi.

Walilala sakafuni wiki nyingi za baridi kali. Februari 1981 serikali ilitia sahihi makubaliano nao, Rzeszów usiku wa tarehe 18 kuamkia 19, na Ustrzyki Dolne tarehe 20. Mwezi Mei mwaka huohuo chama cha wakulima kiliandikishwa rasmi. Desemba ikaja hali ya hatari na vyama hivyo vikapigwa marufuku. Nyumba ya uwindaji ya Arłamów ikapata kazi nyingine: mwaka 1982 ndiko alikozuiliwa kwa miezi kadhaa Lech Wałęsa, kiongozi wa wafanyakazi ambaye baadaye alikuwa rais.

Hilo ni funzo la pili. Mji mdogo ambao kwenye ramani ya utawala haukuwa hata makao ya wilaya ulitikisa serikali. Wakulima wale hawakuomba ofisi mpya. Waliomba haki juu ya ardhi na mtu wa kuwajibika mbele yao.

Wilaya zarudi, na safari hii zamu ni ya Ustrzyki

Utawala wa kikomunisti ulianguka mwaka 1989. Warekebishaji hawakuanza na mikoa wala wilaya. Walianza chini. Machi 1990 bunge lilipitisha sheria ya kuzipa gmina mamlaka, mali na bajeti, na tarehe 27 Mei mwaka huo wananchi wakapiga kura za kwanza huru za madiwani. Wilaya zilisubiri karibu miaka tisa.

Mwaka 1998 serikali ya Jerzy Buzek ilipanga kupunguza mikoa kutoka 49 hadi 12. Miji iliyokuwa inapoteza makao ya mkoa ilipiga kelele, rais akaikataa sheria iliyokuwa na mikoa 15, na mwisho wakakubaliana 16. Mkoa wa Krosno ukafutwa. Wilaya zikarudishwa, 308 kwa jumla pamoja na miji 65 yenye hadhi hiyo, kuanzia tarehe 1 Januari 1999.

Bieszczady wakapewa wilaya moja. Makao yake yakawekwa wapi? Ustrzyki Dolne. Lesko, uliokuwa makao ya wilaya tangu enzi za Austria, ukajikuta chini ya mji uliokuwa mtoto wake.

Tuseme ukweli, kulikuwa na jambo la heshima hapo, na heshima ni kitu kinachouma. Lakini kulikuwa na jambo la nauli pia. Chukua mtu wa Baligród, kusini mwa Lesko. Barabara yake inashuka hadi karibu na Lesko. Zamani safari yake iliishia hapo. Sasa, akitaka kibali cha ujenzi au namba ya gari, aliukaribia mlango wa ofisi ya zamani, kisha akaendelea mashariki hadi Ustrzyki Dolne. Kwa kijana mwenye gari ni saa nzima ya kwenda na kurudi. Kwa mzee anayetegemea basi la milimani ni siku.

Maeneo kadhaa nchini yalikuwa na kilio cha namna hiyo. Mei 2001 serikali ilitoa amri ya kuanzisha wilaya 7 zaidi, na tarehe 1 Januari 2002 zikaanza kazi. Moja ni wilaya ya Lesko. Nyingine ni pamoja na Gołdap na Węgorzewo kaskazini mashariki, na Sztum, jirani wa Malbork.

Tangu siku hiyo majirani wetu wawili wana wilaya mbili. Wilaya ya Lesko ina gmina 5: Lesko, Baligród, Cisna, Olszanica na Solina. Ina watu karibu 26,000. Wilaya ya Bieszczady, yenye makao Ustrzyki Dolne, ina gmina 3 tu: Ustrzyki Dolne, Czarna na Lutowiska, zenye watu karibu 20,000 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,100. Ndiyo wilaya yenye watu wachache zaidi kwa eneo lake katika Polandi nzima. Hata magari unayatambua: ya Lesko yanaanza na herufi RLS, ya Ustrzyki Dolne RBI.

Kilichosogea na kilichobaki

Sasa turudi kwa wapiga simu wetu wawili.

Yule wa kwanza ana haki kwa sehemu yake. Karatasi zilisogea. Mtu wa Baligród na wa Cisna anamaliza mambo yake Lesko. Kumbukumbu za shamba lake ziko hapo. Mkuu wa wilaya anachaguliwa na madiwani aliowapigia kura mwenyewe, na gmina 5 za upande wake haziko tena katika baraza moja na upande wa Ustrzyki zikigombania barabara ipi itengenezwe kwanza.

Yule wa pili naye ana haki, na sababu yake iko kwenye hela. Wilaya za Polandi hazina kodi zao wenyewe. Zinaishi kwa mgawo wa serikali kuu na kwa sehemu ya kodi ya mapato ya watu na makampuni ya eneo lao. Kodi ya ardhi, nyumba na mitambo inakwenda kwa gmina. Angalia gmina ya Solina. Ndani yake kuna bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1968, lenye ukuta wa mita 82, mrefu kuliko yote Polandi, na ziwa linalojaa watalii kila kiangazi. Kodi ya aina hiyo inaingia kwenye mfuko wa gmina. Wilaya iliyo juu yake inabaki ikisubiri mgawo, huku ikibeba mizigo mikubwa kuliko yote, hospitali na barabara.

Hospitali ndipo panapouma. Lesko ina hospitali yake na Ustrzyki Dolne ina yake, kila moja chini ya wilaya yake, kilomita 25 kutoka kwa mwenzake. Bima ya afya ya taifa hulipa kwa huduma zilizotolewa. Wodi ya uzazi inahitaji daktari, mkunga na mtu wa dawa za usingizi usiku na mchana, wazaliwe watoto watano au watano mara kumi. Na watoto wamepungua. Mwaka 2024 Polandi nzima ilipata watoto wapatao 252,000, wachache kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu vita vikuu vya pili. Milimani, ambako vijana wanaondoka kwenda Rzeszów, Kraków au nje ya nchi, upungufu ni mkubwa zaidi. Katika miaka ya karibuni wodi za uzazi za hospitali ndogo zimekuwa mashakani, na mjadala wa kuunganisha huduma kati ya hospitali za eneo hili umerudi mara kwa mara.

Hapo mpaka wa wilaya unageuka ukuta. Kila mkuu wa wilaya ana hospitali ya kulinda, wafanyakazi wa kulinda, na kura za kulinda. Kukubali kuwa wodi iwe kwa jirani ni kama kukubali kushindwa. Wanaochelewa kupata jibu ni akina mama wa Cisna na Lutowiska, ambao theluji ikifunga barabara, kilomita 50 ni mbali sana.

Hatusemi kwamba Lesko wasingepewa wilaya. Tunasema kwamba wilaya ilitatua tatizo la karatasi na uwakilishi. Tatizo la hospitali lilihitaji kitu kingine, yaani hela ya uhakika na utaratibu wa majirani kushirikiana. Hayo mawili hayakuja ndani ya boksi moja na bendera na mhuri.

Kijiji chenye mfuko

Tuliahidi kurudi kwa sołtys, mwenyekiti wa kijiji. Mwaka 2009 Polandi ilipitisha sheria ya mfuko wa kijiji. Baraza la gmina likikubali kuuanzisha, kila kijiji kinatengewa kiasi chake katika bajeti kwa kanuni iliyoandikwa, inayoangalia idadi ya wakazi. Wanakijiji wanakaa mkutano, wanaamua wenyewe: taa za barabarani, paa la ukumbi, uwanja wa watoto, kalavati. Uamuzi unapelekwa kwa mkuu wa gmina kabla ya tarehe 30 Septemba ili uingie kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Serikali kuu inairudishia gmina sehemu ya gharama.

Fedha zenyewe si nyingi. Lakini mwanakijiji anajua kiasi kabla ya mkutano, na mwaka unaofuata anaweza kwenda kuangalia kama kalavati lipo. Hapo hakuna mpaka uliochorwa upya wala ofisi mpya iliyojengwa.

Maswali manne ya kwenda nayo mkutanoni

Yaliyotokea Bieszczady yametufundisha kuuliza maswali manne kabla ya kunyoosha mkono kuunga mkono wilaya mpya, au kabla ya kuipinga.

Kwanza: ni huduma gani hasa tunayoifuata mbali? Ikiwa ni karatasi, ofisi ya karibu itasaidia. Ikiwa ni daktari, tuulize kuhusu daktari.

Pili: hela ya wilaya hiyo itatoka wapi kila mwaka, baada ya ile ya kuanzia kwisha?

Tatu: atakayekaa kwenye kiti hicho anawajibika kwa nani? Ikiwa sisi hatuna njia ya kumuuliza, ofisi yake kuwa mlangoni kwetu haitoshi.

Nne: na jirani tunayeachana naye, tutashirikiana vipi katika hospitali, barabara na maji? Mto haujui mpaka wa wilaya, wala mama mwenye uchungu haujui.

Ustrzyki Dolne na Lesko ni majirani waliotenganishwa na wakubwa mara nyingi kuliko walivyotengana wenyewe. Leo kila mmoja ana mhuri wake, na bado mgonjwa wa mmoja anaweza kuhitaji kitanda cha mwenzake.

Msikilizaji, wewe unakoishi, safari ya ofisi ya wilaya inakuchukua muda gani, na ni jambo gani lililokupeleka mara ya mwisho? Tuandikie ujumbe mfupi au piga simu tukiwa hewani. Tutayasoma majibu yenu kwenye kipindi, na tutawauliza wahusika.